Pangaboi Jeusi Kwenye Boksi la Njano

Mtoto alikuwa amelikalia boksi. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia.

Boksi la plastiki ngumu, la njano, limewekwa nyuma ya pikapu isiyo na turubai. Pikapu imeegeshwa mbele ya kibanda cha mama ntilie, hapa kwetu Kiloleli, wilaya ya Busega, Simiyu. Juu ya boksi, mtoto wa miaka kama 7 anachezesha miguu huku anatafuna muwa. Ubavuni pana kibandiko: nusu ya juu njano, nusu ya chini nyeupe, na kwenye ile njano kitu cheusi chenye mapanga matatu. Chini yake neno moja la Kiingereza, na kwenye pembe ya chini kabisa, namba 7.

Mwenye boksi alikuwa ndani, anamalizia ugali na sato. Nikamfuata.

"Shikamoo mzee," akaniwahi.

"Marahaba. Kijana, lile boksi lako lina nini?"

"Ni mashine ya kupimia barabara tu, mzee wangu. Haina shida."

"Haina shida kwa nani?"

Akacheka, akanawa mikono, akamlipa mama, akaenda. Mtoto alishushwa kwa kuambiwa "toka hapo." Hakuambiwa kwa nini. Jina la kampuni nalihifadhi. Ugomvi wangu si na kijana yule wala mwajiri wake peke yao.

Niseme haki kwanza, maana mwandishi anayetisha watu kwa jambo asilolijua hana tofauti na mganga wa kupiga ramli. Yule mtoto hakudhurika. Kifaa kile kina chembe mbili ndogo za mionzi: sesiamu 137, na amerisiamu 241 iliyochanganywa na berili. Mafundi wa barabara hukiweka juu ya kifusi kilichoshindiliwa, mionzi ikapita kwenye udongo, wakajua kama umeshikana sawasawa na una unyevu kiasi gani. Chembe hizo zimefungwa ndani ya chuma na risasi. Kikiwa kizima, kikiwa kimefungwa kufuli, kukikalia dakika chache si msiba. Lakini nusu ya nguvu ya sesiamu ile itachukua miaka 30 kuisha. Ile ya amerisiamu itachukua miaka 432, yaani leo angekuwa anaihesabu mtu aliyezaliwa kabla Wareno hawajamaliza kujenga Fort Jesus. Boksi likiibwa mbele ya kibanda cha ugali, likapelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, likapasuliwa kwa nyundo, hapo "haina shida" ya kijana yule itakuwa imekwisha muda wake.

Na sheria ipo! Hilo ndilo linaloniwasha. Tungekuwa nchi isiyo na sheria ningelaumu umaskini, nikalala. Tanzania ilitunga sheria ya kujikinga na mionzi mwaka 1983, ikaunda Tume ya Taifa ya Mionzi. Mwaka 2003 ikaja Sheria ya Nguvu za Atomiki, namba 7, iliyotupa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC. Mwaka 2011 zikatoka kanuni mahsusi za kufungasha na kusafirisha vitu vyenye mionzi. Duniani nako, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitoa kanuni zake za kwanza za usafirishaji mwaka 1961, na limekuwa likizifanyia marekebisho tangu wakati huo. Ukizisoma utaona zimefikiriwa na watu wenye akili timamu. Kifungashio cha kawaida sharti kihimili kudondoshwa na kumwagiwa maji kama ya mvua kubwa. Kile cha mizigo mikali sharti kidondoshwe kutoka mita 9 juu ya sakafu isiyobonyea, kichomwe moto wa nyuzi 800 kwa nusu saa, kizamishwe majini, na bado kisivujishe. Mzigo ufungwe usicheze. Na gari lililobeba boksi lenye kibandiko cha njano lisipakie mtu yeyote zaidi ya dereva na wasaidizi wake.

Lisipakie mtu yeyote! Haya, mwulize mtu yeyote wa Busega ni pikapu ngapi za miradi zimewahi kumpa lifti, na aliwahi kuangalia amekaa juu ya nini.

Kanuni hizo zinamfikia nani? Zinaanzia ofisini kwa TAEC, zinakwenda kwa mwenye kibali, zinaishia kwenye faili la ofisa wake wa usalama wa mionzi. Barabarani hazijateremka. Wilaya yetu imepasuliwa katikati na barabara ya Mwanza kwenda Musoma, inayoendelea mpaka Sirari na kuingia Kenya. Pale Lamadi inachepuka nyingine kwenda Bariadi, zaidi ya kilomita 70 za lami. Ukanda wote huu wa Ziwa una migodi ya dhahabu, na migodi mikubwa ina kawaida ya kufunga vipimo vya mionzi kwenye mabomba ili kujua uzito wa tope linalopita ndani. Mafundi wanaokagua viungo vya mabomba yaliyochomelewa hutembea na kamera za iridiamu 192, na hizo si za kuchezea hata zikiwa nzima. Viwanda vya bia hutumia mionzi kuhakikisha chupa imejaa. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, wagonjwa wetu wa saratani wanatibiwa kwa mionzi, na Mungu awabariki wanaoifanya kazi ile. Sitaki hata kimoja kati ya vitu hivi kiondoke. Mionzi inaponya mama zetu na inajenga barabara zetu. Ila havifiki vinakokwenda kwa kupaa. Vinapita mbele ya milango yetu, na kati yetu hakuna aliyeelezwa afanye nini siku kimoja kikianguka.

Linganisha na mkulima. Tangu Chernobyl ilipolipuka mwaka 1986, nchi hii imekuwa ikipima mionzi kwenye vyakula. Leo mfanyabiashara anayetaka kuvusha dengu au mpunga wa Simiyu kwenda nje ya nchi anatakiwa kupata cheti cha TAEC kwamba mzigo wake uko salama, na cheti hicho kina gharama. Sipingi kupima. Lakini tazama jinsi sheria inavyojua njia ya kumfikia mtu wa chini inapotaka kitu kwake! Gunia la dengu lililoota hapa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambalo halijawahi kukutana na mtambo wa nyuklia hata kwenye ndoto, linafuatwa mpaka mpakani likasalimiwe na kipimo. Mwenye gunia hilo hilo hajawahi kuonyeshwa hata siku moja alama ya mionzi ikoje. Cheti anacho. Elimu hana.

Nikiyasema haya mbele ya wakubwa, jibu huwa fupi: "Mzee, hayo ni mambo ya usalama."

Naomba tulikamate neno hilo kwa mashati. Kiingereza kina maneno mawili hapa. Moja ni la kumkinga mtu asidhuriwe na kitu. La pili ni la kukikinga kitu kisiibwe na mtu. Kiswahili chetu, kwa ukarimu wake, kimeyatia yote mawili ndani ya "usalama," na wajanja wamejificha humo. Unauliza kuhusu usalama wa mtoto aliyekalia boksi, unajibiwa kwa usalama ule wa kunong'onezana. Ndiyo, ratiba ya gari lililobeba kobalti ya hospitali haitangazwi redioni. Mwenye akili hawezi kudai hivyo. Lile la pili tuliite ulinzi, tuwaachie wenyewe. Lakini kumfundisha trafiki wa Nyashimo, mwenyekiti wa kijiji na dereva wa bodaboda maana ya mapanga matatu meusi kunafichua siri gani? Alama hiyo ilibuniwa ionekane. Serikali inabandika onyo halafu inafanya siri maana yake!

Waliokuwa na siri kubwa kuliko zetu walipobanwa walikwenda kwa wananchi. Januari 2023, Australia Magharibi, kidonge cha sesiamu chenye urefu wa milimita 8 na upana wa 6 kilichomoka kwenye kifaa cha mgodi wa Rio Tinto na kudondoka mahali fulani kwenye safari ya kilomita 1,400 kwenda Perth. Mtikisiko ulilegeza skrubu, kidonge kikapenya kwenye tundu. Walitangaza, wakaonyesha ukubwa wake kando ya sarafu, wakawaambia madereva wakague matairi. Kikapatikana tarehe 1 Februari, kando ya barabara. Desemba 2013 huko Mexico, lori lililobeba kobalti 60 kutoka hospitali ya Tijuana liliporwa kwenye kituo cha mafuta. Wezi hawakujua walichoiba. Serikali ilitangaza, na siku chache baadaye mzigo ukaonekana Hueypoxtla, umefunguliwa.

Barani kwetu hadithi zina mwisho mwingine. Mwaka 1978 nchini Algeria, chanzo cha iridiamu kilidondoka kutoka kwenye lori lililokuwa njiani kwenda Sétif. Watoto wawili wa kiume wakakiokota, wakacheza nacho. Bibi yao akawanyang'anya akakiweka jikoni. Jikoni, mahali ambapo wanawake wa nyumba ile walishinda wakipika. Kikakaa humo wiki kadhaa. Bibi akafa, na wasichana wa nyumba ile wakaungua vibaya. Mwaka 1984, Mohammedia, Morocco, kibarua aliokota kitu kama hicho akakipeleka nyumbani. Watu 8 wakafa. Mwaka 2000 huko Meet Halfa, Misri, mkulima akafanya hivyo hivyo. Akafa yeye na mwanawe. Ni iridiamu zote tatu, ile ile ya mafundi wa mabomba. Na mara zote tatu aliyeigusa kwanza hakuwa mwanasayansi wala mwenye kibali. Alikuwa mtoto au mpita njia aliyeona kipande cha chuma kizuri, kinang'aa, akafikiri amepata riziki.

Na sisi tunavyokimbilia riziki barabarani, nani asiyejua? Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikwenda na madumu. Moto ulipolipuka wakafa zaidi ya 100. Na petroli inanuka! Petroli kila mtu anaijua kwamba inawaka. Mionzi hainuki, haiwaki, haina ladha wala mlio. Unaweza kuilalia usiku mzima ukaamka unasifu usingizi. Kama harufu ya petroli haikuturudisha nyuma, kibandiko chenye neno la Kiingereza kitamrudisha nani?

Nimewahi kufanya utafiti wangu mdogo, wa kijiweni. Niliichora alama ile mchangani kwa kijiti mbele ya madereva wa bodaboda, nikauliza ni nini. Wa kwanza akasema "feni." Wa pili akamcheka: "Feni gani, hilo ni pangaboi." Wa tatu, aliyewahi kuishi Mwanza, akasema ni nembo ya kampuni ya vipuri. Hakuna aliyesema hatari. Wala msiwacheke. Wataalamu wenyewe waligundua hivyo zamani. Mwaka 2007 Shirika la Nguvu za Atomiki na Shirika la Kimataifa la Viwango walizindua alama mpya, pembetatu nyekundu yenye fuvu la kichwa, mionzi inayoshuka, na mtu anayekimbia, baada ya kuijaribu kwa watu wa nchi 11, majirani zetu Wakenya wakiwemo. Yaani dunia ilikiri kwamba pangaboi halisemi kitu kwa asiyefundishwa. Halafu wakaamua alama hiyo mpya ikae kwenye kifaa chenyewe, karibu na chanzo, isibandikwe kwenye vifungashio vya safari. Ina maana utaikuta ukishafungua! Naielewa sababu yao: hawakutaka kila boksi linalopita salama liwatie watu kiwewe. Sawa. Basi kama fuvu haliruhusiwi barabarani, lifundisheni pangaboi. Hakuna njia ya tatu.

Wapo watakaonijibu kwamba Kiloleli hapapiti mzigo mkubwa, kwa nini nipige mwano, yowe letu la kuwaita watu? Kwa sababu mkubwa unakuja nchini. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata madini ya urani kwenye mradi wa Mto Mkuju, Namtumbo. Mradi ule ni wa kampuni ya Kirusi, na ndio ulioifanya UNESCO mwaka 2012 ikubali kumega kipande cha Selous. Urani ikichakatwa hutoka kama unga uliokolezwa, hufungwa kwenye mapipa ya chuma, mapipa kwenye makontena, makontena kwenye malori, malori kwenda bandarini. Unga ule si bomu. Mionzi yake ni hafifu ukilinganisha na ile ya kamera ya iridiamu. Ubaya wake ni vumbi likivutwa au likimezwa, maana urani ni sumu ya figo hata mionzi usipoihesabu. Sasa msomaji, wewe ni Mtanzania kama mimi. Lori limepinduka kwenye mteremko, mapipa ya chuma mazuri yamesambaa bondeni, mengine yamepasuka. Pipa la lita 200 lina kazi ngapi kijijini? Maji ya mvua. Pombe ya harusi. Atakayelipata ataumwaga unga, atalisuuza mtoni, atalipeleka kwa mkewe akiwa amefurahi.

Hiyo ndiyo ajali ninayoiona mimi, na hakuna kipimo cha kudondosha pipa kutoka mita 9 kinachoijaribu. Kanuni zimepima chuma. Hazijapima njaa ya chuma.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria kwamba lugha ya sheria za nchi hii ni Kiswahili. Tulishangilia. Kanuni za mwaka 2011 za kusafirisha mionzi zilitungwa kwa Kiingereza. Nani anangoja tafsiri yake? Sidai zile kurasa za majedwali na milinganyo. Nadai karatasi moja. Ibandikwe ofisi ya kata, kituo cha polisi, zahanati, na kwenye mzani wa kila mnunuzi wa vyuma chakavu, huyo hasa, kwa sababu huko Goiânia, Brazil, mwaka 1987, kila kitu kilipita kwake. Waokota vyuma waling'oa mashine ya tiba kwenye hospitali iliyohamwa, wakamwuzia, akakuta ndani unga unaotoa mwanga wa buluu, akawagawia ndugu na jirani kama zawadi. Wakafa 4, mmoja mtoto wa miaka 6. Watu 112,000 ikabidi wapimwe. Mwenye mzani wetu hapa anakatiwa leseni ya biashara na analipa ushuru wa halmashauri. Kwa nini hapewi karatasi siku hiyo hiyo anapopewa risiti?

Na kila dereva wa mzigo huo abebe maelekezo ya Kiswahili ambayo utingo wake anaweza kuyasoma akiwa na damu usoni. Na mafunzo ya trafiki yasiishie kwenye semina ya Arusha yenye posho na mfuko wa zawadi. Yafike Nyashimo, yafike Lamadi. Na viwanda vinavyoyeyusha chuma chakavu kutengeneza nondo vilazimishwe kuwa na vipimo getini, kila kimoja bila msamaha. Na sungusungu, ambao Usukuma uliwazaa miaka ya 1980 kulinda ng'ombe, waambiwe kwamba kuna mzigo ambao ukiuona umeanguka unapiga mwano wa kuwafukuza watu, si wa kuwaita. Hilo kwetu ni geni, tumezoea mwano wa kukusanyika. Litahitaji kufundishwa, tena si siku moja.

TAEC wana wataalamu wazuri, nimewasikia wakizungumza, wanajua kazi. Tatizo lao ni kwamba wamejifunza kuzungumza na mwenye kibali tu. Mwenye kibali ana ofisi, ana barua pepe, anatozwa ada. Mtu wa kando ya barabara hana faili, kwa hiyo hayupo. Ukaguzi unaonyesha boksi liko sawa, kufuli ipo, kibandiko kipo, vipimo vya mionzi viko chini ya kiwango. Alama ya vema. Mtoto mwenye muwa hayumo kwenye fomu.

Kisukuma tunasema *lola*, tazama. Nimechoka kuambiwa nitazame wakati hakuna anayenieleza ninachokitazama.

Wiki moja baada ya utafiti ule wa mchangani nilirudi kijiweni nikiwa na kopo la rangi nyeusi na kopo la njano. Vijana walichanga nusu ya bei, nikamalizia mimi. Tulichora pangaboi kwenye ukuta wa banda lao, kubwa, mtu alione akiwa barabarani. Chini yake yule dereva aliyesema ni feni akaandika kwa mkono wake: HII NI MIONZI. USIGUSE. KAA MBALI. PIGA SIMU POLISI. Alikosea kidogo kupima nafasi, kwa hiyo neno POLISI limejibana pembeni. Mpaka ninapoandika, hajatokea mwenye cheo aliyekuja kuufuta mchoro ule, wala aliyekuja kutuambia kama umekosewa.